Jumamosi moja pwani ya Klampenborg: namna ya kuusoma mtaa wa wenye nazo, na cha kurudi nacho Dodoma

Kila mwaka kuna kijana mmoja au wawili wa fani yetu ya upimaji ardhi hapa Dodoma wanaopata kozi fupi Denmark. Barua ikishatoka na viza ikigongwa, wanakuja mezani kwangu na swali lile lile: "Kaka, nikipata siku ya mapumziko niende wapi?" Nimelijibu mara nyingi kwa mdomo, nikichorachora nyuma ya bahasha. Mwaka huu nimeona niliandike lote mahali pamoja, ili na wengine mnaokwenda kwa mikutano na semina mlipate.

Jibu langu halijabadilika tangu niliporudi. Nilikaa Copenhagen miezi mitatu mwaka 2018, Septemba mpaka Novemba, na Jumamosi zangu karibu zote ziliishia kwenye barabara moja iitwayo Strandvejen, yaani Barabara ya Ufukweni. Inatoka Copenhagen ikiambaa na bahari kuelekea kaskazini hadi mji wa Helsingør. Kipande chake cha mwanzo kinapita Hellerup, Charlottenlund, Skovshoved na Klampenborg, vitongoji vya halmashauri ya Gentofte, mojawapo ya halmashauri tajiri kabisa nchini Denmark. Wenyewe ukanda ule wameupa jina la utani, Whiskybæltet, Mkanda wa Wiski.

Mtu wa Dodoma atauliza anakwenda kwa matajiri kufanya nini. Mimi ni mpima ardhi, na miaka mingi nimekuwa nikipanda bikoni, zile alama za mipaka ya viwanja, kwenye mashamba ya uwele ambayo leo ni viwanja vyenye kuta na mageti. Najua kwamba bikoni ikishapigwa na hati ikitoka, kilichokuwepo kabla yake hakina mtetezi. Kule pwani nilikuta mahali ambapo jambo hilo hilo lilitokea zamani, likaisha, na alama zake zikaachwa kwa makusudi ili mtu azione. Hicho ndicho ninachowapeleka kukitazama.

Kabla hujatoka

Panda treni ya mjini yenye herufi C mpaka kituo cha mwisho, Klampenborg. Kutoka stesheni kuu ya Copenhagen ni nusu saa au pungufu. Kata tiketi ya kukutosha siku nzima. Hakuna konda mlangoni, lakini wakaguzi hupanda ghafla, na faini yao inaweza kumaliza posho yako ya siku kadhaa.

Chukua koti la kuzuia upepo hata kama asubuhi kuna jua. Upepo wa mlango-bahari wa Øresund haufanani na huu wetu wa Julai unaotupa vumbi la Dodoma machoni, wenyewe unaingia mfupani. Beba mkate wako na chupa ya maji. Maji ya bomba kule yananywewa bila kuchemshwa, basi jaza chupa bombani usinunue. Chakula cha hotelini pwani ile ni ghali, na hukuja kula.

Angalia mwezi. Juni jua linazama karibu saa nne usiku, unatembea utakavyo. Mwishoni mwa Novemba, saa kumi jioni jua limeshazama, kwa hiyo toka mapema. Kingine, usitembee kwenye njia ya baiskeli. Mimi nilifanya hivyo siku ya kwanza, na mama mmoja mwenye watoto wawili kwenye kigari cha mbele nusura aanguke kwa sababu yangu. Nilimwomba radhi, na mpaka leo nikikumbuka moyo unanipiga.

La mwisho, daftari na kalamu. Simu inapiga picha, lakini daftari ndilo linalokulazimisha kusimama.

Anza na msitu, si na bahari

Ukishuka Klampenborg, mashariki ni bahari na magharibi ni msitu. Kila mgeni anakimbilia bahari. Wewe pita lango jekundu uingie msituni kwanza, kwa sababu historia ya pwani ile inaanzia humo.

Msitu unaitwa Jægersborg Dyrehave. Ulikuwa hifadhi ya mfalme ya kuwinda, na tangu mwaka 2015 umo katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO pamoja na misitu mingine ya uwindaji ya kaskazini mwa kisiwa cha Sjælland. Kuna kulungu wapatao elfu mbili, wanatembea huru, na mwezi wa Septemba na Oktoba madume hunguruma mpaka unasimama. Katikati ya uwanda wazi kuna jumba la Eremitage, lililokamilika 1736, ambamo mfalme na wageni wake walikula baada ya kuwinda. Karibu na stesheni kuna viwanja vya burudani vya Bakken, ambako watu wa Copenhagen wamekuwa wakienda kuburudika tangu 1583. Vitazame kwa kupita, usikae.

Cha kukaa nacho ni Stokkerup. Hilo lilikuwa jina la kijiji cha wakulima. Karibu mwaka 1670 mfalme Christian V alitaka kupanua eneo la kuwindia, kijiji kikavunjwa, watu wakahamishwa na mashamba yakawa msitu. Hakuna nyumba hata moja iliyobaki. Yamebaki madimbwi, yale ambayo kijiji kilinyweshea mifugo na kuchotea maji.

Nilitembea muda mrefu kulitafuta dimbwi moja. Nilipolifikia halikuwa na la kushangaza: maji meusi yaliyotulia, majani ya dhahabu yameelea juu yake, na kingo zake zimechongoka kidogo kwa namna ambayo maji ya mvua peke yake hayachongi. Jicho la mpima liliona mkono wa mtu. Nilikaa chini kwenye gogo nikaliangalia kwa karibu saa nzima, nikafikiria Operesheni Dodoma ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, watu wa kwetu walipohamishwa kutoka kaya zao zilizotawanyika kuingia vijiji vya ujamaa. Sababu zilikuwa tofauti kabisa na za mfalme yule, sitaki kuzifananisha. Lakini alama zinazobaki zinafanana. Ukipita leo mbuga za Bahi au Chamwino ukakuta mbuyu umesimama peke yake, pembeni yake kichuguu cha majivu ya kale na vigae vya vyungu, ujue hapo palikuwa na kaya. Denmark wamelipa dimbwi lile jina na kulitia kwenye ramani. Kichuguu chetu cha majivu hakimo kwenye ramani yoyote niliyowahi kuishika.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza kwenye daftari ni hii: andika walikuwepo nani kabla, na kimebaki nini cha kuonyesha. Usiandike kingine mpaka umejibu hilo.

Ufuko mweupe

Sasa rudi stesheni, vuka uende baharini. Ufuko wa Bellevue ulifunguliwa 1932, na aliyeuchora ni Arne Jacobsen, msanifu majengo aliyezaliwa 1902. Minara ya walinzi wa waogaji yenye mistari ya buluu ni kazi yake. Ng'ambo ya barabara kuna Bellavista, nyumba za ghorofa nyeupe za mwaka 1934. Simama mbele yake uangalie zilivyopangwa kwa kurudishwa nyuma hatua kwa hatua kama meno ya msumeno, ili kila sebule na kibaraza chake vione bahari. Pembeni ni ukumbi wa maigizo ambao paa lake liliundwa lifunguke, watazamaji wakae chini ya anga. Na kusini kidogo ni Søholm, nyumba za matofali ya njano zilizoungana, alizozijenga baada ya vita. Mwenyewe alihamia mojawapo.

Mambo mawili nataka uyajue ukiwa umesimama pale.

La kwanza ni kwamba ufuko ule ulitengenezwa kwa ajili ya watu wa mjini wasio na nyumba za pwani, waje kwa treni waoge. Tajiri ana bustani yake, lakini mchanga mbele ya Bellevue ni wa kila mtu. Hata kwenye fukwe za watu binafsi, sheria yao ya uhifadhi wa mazingira inakuruhusu kupita kwa miguu ukingoni. Mimi niliyezoea kuona eneo la wazi kwenye mchoro wa mipango miji likigeuka kiwanja cha mtu usiku mmoja, jambo hilo lilinigusa kuliko majengo yote.

La pili ni kwamba Jacobsen alikuwa wa asili ya Kiyahudi. Mwaka 1943, Wajerumani walioikalia Denmark walipoanza kuwakamata Wayahudi, alivuka kwa mashua usiku kwenda Uswidi, ile nchi unayoiona kwa macho ng'ambo ya maji. Zaidi ya watu 7,000 waliokolewa kwa njia hiyo, wakivushwa na wavuvi kutoka bandari ndogo ndogo za pwani. Angalia maji yale upya ukishalijua hilo.

Skovshoved: hapa ndipo ukae

Tembea kusini kama kilomita mbili, bahari ikiwa kushoto kwako. Utakutana kwanza na sheli. Nasema sheli kwa maana ya kituo cha mafuta, na ninakuomba usimame kwenye kituo cha mafuta kwa sababu hiki kilijengwa 1936 na Jacobsen yule yule, na bado kinauza mafuta. Kijumba chake kimevikwa vigae vyeupe vya kauri nje. Mbele yake kuna mwavuli mkubwa wa zege, umesimama juu ya nguzo moja tu. Wenyeji wanauita Uyoga. Nilifika pale jioni taa zikiwaka, mwanga umepigwa juu kwenye tumbo la mwavuli na kurudi chini mlaini, na kijana mmoja anajaza mafuta kwenye gari lake bila kuinua kichwa. Nilikiangalia kiungo cha nguzo na mwavuli, jinsi zege linavyopanuka polepole kama shina la uyoga kweli, bila pembe hata moja. Kilichonifurahisha ni kwamba hawakukifungia kikawa makumbusho. Kinatumika, ndiyo maana kimedumu.

Baada ya hapo ingia kijijini. Barabara pana ya kisasa inapita upande wa bahari karibu na bandari, na Strandvejen ya zamani inapita ndani, kati ya nyumba. Kati ya barabara hizo mbili na nyuma yake kuna vichochoro ambavyo gari hupita kwa shida. Nyumba ni fupi, nyingine mlango wake unafika begani kwangu, kuta zimepakwa njano au nyeupe, na zimebanana kama zinaogopa upepo. Hiki kilikuwa kijiji cha wavuvi. Wanaume walikwenda baharini, na wake zao, waliojulikana mji mzima wa Copenhagen kama skovserkoner, walibeba samaki kwenye vikapu mgongoni wakatembea karibu kilomita 10 mpaka sokoni Gammel Strand katikati ya mji. Jioni walirudi kwa miguu. Sanamu ya mchuuzi wa samaki ipo pale Gammel Strand tangu 1940, mwanamke mnene wa jiwe, kitambaa kichwani, samaki mkononi. Ipitie siku nyingine ukiwa mjini, umtazame usoni.

Nilikwenda Skovshoved mara tano. Mara ya tatu, mwezi wa Oktoba, nilimkuta bibi mmoja kwenye gati la mbao, amevaa vazi la taulo, anatoka kuoga baharini. Mimi nilikuwa na koti, skafu na kofia ya sufu, bado natetemeka. Nilimwamkia kwa Kiingereza, akacheka, akaniambia anaoga kila asubuhi mwaka mzima. Nilipomwambia ninatoka Tanzania na ninapima ardhi, aliniomba nimfuate. Alinipeleka mpaka kwenye nyumba moja ndogo ya njano kichochoroni, akanionyesha kwa kidole dirisha la chini. Humo ndimo alimozaliwa bibi yake, aliyekuwa mmoja wa wale wabeba samaki. Halafu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba leo yeye na wanawe wote wakichanga hawawezi kuinunua.

Sikuwa na la kujibu. Nilimsimulia habari za bibi yangu mzaa mama, wa Chali kule Bahi, aliyekuwa akichemsha chumvi kutokana na udongo wa mbuga na kuibeba kichwani kwenda mnadani. Aliniuliza chumvi ile ilikuwa na rangi gani. Nikamwambia kijivu, na ladha yake ina uchungu kidogo mwishoni, na mlenda ukiungwa nayo hauhitaji kitu kingine. Alitaka kujua bibi alitembea kilomita ngapi. Nikagundua kwamba sijui. Yeye za bibi yake alizijua, mimi mpima ardhi za bibi yangu sikuzijua.

Kwa hiyo kazi ya pili ya daftari: tafuta nani alibeba nini, kutoka wapi mpaka wapi, kwa umbali gani. Mizigo inaeleza mtaa kuliko majengo.

Usiiache Øregaard

Kutoka Skovshoved endelea kusini. Charlottenlund kuna msitu mdogo wenye kasri, na ngome ya zamani ya pwani yenye mizinga. Pita tu, labda ukae kwenye nyasi ule mkate wako. Miguu ikichoka panda basi, lakini ushuke Hellerup kabla hujafika stesheni, uende jumba la Øregaard.

Ni jumba jeupe lenye bustani na kidimbwi, lililojengwa 1806 hadi 1808 kwa mchoro wa Mfaransa Joseph-Jacques Ramée. Tangu 1921 ni makumbusho. Ni zuri, na uzuri wake ukikuvutia sana, ndiyo wakati wa kuuliza fedha zilitoka wapi. Mwenye jumba alikuwa Johannes Søbøtker, mfanyabiashara mwenye mashamba ya miwa katika visiwa vya Karibea vilivyokuwa koloni la Denmark. Miwa ile ililimwa na watumwa waliotolewa Afrika. Denmark ilipitisha sheria ya kukataza raia wake biashara ya watumwa mwaka 1792, ikaanza kutumika 1803, lakini watumwa waliokwisha kuwa visiwani hawakuachiwa huru mpaka 1848. Jumba likajengwa katikati ya miaka hiyo. Mwaka 1917 visiwa vyenyewe viliuzwa Marekani.

Nilizunguka bustani ile nikiwaza Ugogo. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita kwetu, na neno hongo ambalo leo tunalitumia kwa rushwa lilikuwa ushuru ambao watemi wa Kigogo waliitoza misafara ili ipite na inywe maji. Pembe za ndovu zilipita, na watu waliofungwa minyororo walipita. Visima vile vilikuwa wapi? Vingine vipo bado, vinatumika, na mimi mwenyewe nimewahi kupima kiwanja hatua chache kutoka kwenye kimoja bila kujua.

Kazi ya tatu: fuata fedha. Kila jumba kubwa, kule au huku, uliza nani alilipa kwa jasho.

Ukitoka hapo, Hellerup yenyewe utaimaliza upesi. Kiwanda cha bia cha Tuborg kilianzishwa pale 1873, utengenezaji ukahamishwa, na sasa eneo lake ni ofisi, nyumba za bei kubwa na gati la mashua. Treni za kurudi mjini ziko karibu.

Wanavyoipa nyumba alama

Hili ndilo la kufanyia kazi ukirudi, kwa hiyo sitalipitia haraka.

Denmark wana sheria ya kulinda majengo tangu 1918, lakini majengo yanayolindwa na taifa ni machache. Kwa nyumba za kawaida za mitaani wana utaratibu wa kuzipa alama, kuanzia 1 hadi 9. Moja ni ya thamani kubwa kabisa, tisa ni ya chini. Moja hadi tatu zinahesabiwa juu, nne hadi sita katikati, saba hadi tisa chini. Anayekagua anasimama barabarani na kujiuliza mambo matano: usanifu wake ukoje, inaeleza historia gani, inaupa nini mtaa unaoizunguka, imebaki kama ilivyojengwa au imebadilishwa, na hali yake leo ni nzuri au mbovu. Kila swali linapata alama yake, kisha inatolewa alama ya jumla. Hiyo ya jumla si wastani. Ni uamuzi wa mtu aliyeangalia, na anatakiwa aweze kuutetea.

Niliporudi nilijaribu kwenye tembe ya shangazi yangu Chamwino. Unaijua tembe: nyumba ya udongo ya paa la bapa, chini, ndani giza na baridi nzuri hata mwezi wa Oktoba. Usanifu nikaipa 2, kwa sababu paa lile la miti na udongo limebuniwa na watu wanaolijua jua la Ugogo. Historia, 1. Mtaa, 4, kwa sababu imezungukwa na mabati. Kubaki kama ilivyokuwa, 2. Kilichobadilishwa ni mlango tu. Hali, 8, pembe moja ya paa imeinama na mchwa wameingia. Jumla nikaipa 2. Shangazi alisimama nyuma yangu akauliza ninaandika nini. Nikamweleza. Akaniambia yule anayetaka kumjengea ya mabati alisema haina thamani. Nikamsomea namba zangu tena, akazitaka ziandikwe kwenye karatasi apewe. Anayo mpaka leo, ameiweka pamoja na kadi yake ya kliniki.

Kuufanya mtaa wako

Chagua eneo dogo. Mtaa mmoja tu, si kata nzima. Kama unaweza, chagua eneo ambalo upimaji bado, kwa sababu kwenye eneo lililopimwa utaandika kumbukumbu, na kwenye lisilopimwa unaweza kuokoa kitu.

Nina deni katika hili. Kabla ya safari ile, upande wa magharibi wa jiji, nilipanda bikoni kwenye eneo lenye mbuyu mmoja mnene na marundo matatu ya mawe. Mzee mmoja alikuja na fimbo yake, akaniambia kwa upole kwamba pale palikuwa pa tambiko la mvua na kwamba marundo yale ni makaburi. Mchoro niliopewa ulisema makazi. Niliandika namba za viwanja, maneno yake sikuyaandika. Sikuyapeleka kwa yeyote. Nilipopita tena mbuyu ulikuwa umeshakatwa na ukuta umesimama. Mzee alishafariki, na mimi ndiye niliyebaki na alichosema.

Basi fanya hivi. Nenda kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa ueleze unachotafuta, na sema wazi kwamba hukuja kwa habari ya fidia wala kupima, maana watu wa Dodoma wameshasikia mengi tangu serikali ilipoamua kuhamia hapa mwaka 1973, na mgeni mwenye daftari anawatia hofu. Omba uunganishwe na wazee watatu, na angalau wawili wawe akina mama. Wanaume watakuambia mipaka na watemi, akina mama watakuambia maji, njia, kuni, mahali pa kuzalia na ngoma za muheme zilipigiwa wapi. Amkia kwa Kigogo ukikijua, "Mbukwenyi" peke yake inafungua mlango. Usiwashe simu kurekodi kabla ya kuruhusiwa, na siku ya kwanza usirekodi kabisa.

Kisha tembeeni. Usimhoji mzee kwenye kiti, mwili unakumbuka njiani. Kila anaposimama, simama, chukua kwa simu majira ya mahali, yaani namba zinazoonyesha pale ulipo kwenye ramani, piga picha kuelekea kaskazini ili baadaye mtu aweze kupafananisha, na uandike jina la mahali kama anavyolitamka yeye, si kama lilivyo kwenye kibao. Andika maana ya jina kama anaijua. Jina la Dodoma lenyewe linasimuliwa kwamba ni pahali alipodidimia tembo, na kila kitongoji kina lake la namna hiyo ambalo halijaandikwa.

Tafuta vitu hivi hasa: visima vya zamani, mibuyu yenye matumizi, makaburi ya mawe, vichuguu vya majivu, njia za ng'ombe kwenda mnadani, tembe zilizobaki, na jengo lolote la wakati wa kujengwa kwa reli. Kila kimoja kipe maswali yale matano na alama zake. Ukishindwa kuitetea alama mbele ya mzee, ifute.

Halafu, na hili ndilo wengi hawalifanyi, peleka kabla ya mchoro kupitishwa. Wakati wa kuandaa mchoro wa mipango miji kuna mikutano ya wananchi. Nenda na orodha yako na ramani ya mkono. Omba kisima kiingizwe ndani ya eneo la wazi, makaburi yaandikwe makaburi, na njia ya ng'ombe iwe barabara ya mtaa. Mchoraji hapotezi chochote, kwa sababu maeneo ya wazi lazima ayaweke mahali fulani. Nimeona ikikubaliwa mara mbili, kwa kalamu tu, kwa dakika zisizozidi kumi. Bikoni zikishakwenda chini, kazi hiyo hiyo inataka miaka ya mahakama.

Andika nakala tatu. Moja ibaki ofisi ya mtaa, moja shule ya msingi ya hapo, na moja umrudishie mzee aliyekutembeza, iliyochapwa kwa herufi kubwa.

Wewe kijana unayeondoka Septemba, ukirudi pita mezani kwangu na daftari lako. Kule kata ya Zuzu wanatarajia kuanza kupima baada ya mavuno, na kuna mama mmoja amekubali kutuonyesha visima vitatu. Tutaondoka saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijawa kali. Njoo na maji ya kunywa, na kilo moja ya sukari ya kumpelekea.